Viungo vya Ndani ni Amana: Mafunzo ya Wachina na Masika Yetu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na masahaba zake. Amma baad.

Upepo wa kaskazi umeanza kulegea. Wiki hii, tulipotoka msikitini baada ya sala ya Alfajiri, mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa bahari, na kina mama wa hapa Ziwa la Ng'ombe wameshaanza kutoa mapipa nje kuingoja mvua ya kwanza ya masika. Huko Uchina, katika miezi hii hii, baridi yamalizika na miti yachipua. Na kwa kuwa simu imezifanya nchi zote kuwa mtaa mmoja, ujumbe wazunguka katika makundi ya kina mama: kwamba haya ni majira ya ini, kwamba kila mtu yampasa aoshe ini lake, na kwamba iko dawa ya Kichina ya siku 21 ya kuifanya kazi hiyo.

Juzi baada ya Alasiri, mama mmoja wa mtaani alinijia madrasani pamoja na binti yake. Alitoa mkobani pakiti ya kijani, iliyoandikwa Kichina kitupu, akaiweka juu ya meza baina ya misahafu ya wanafunzi.

"Sheikh," akaniambia, "nataka kujua jambo moja tu. Hii ni halali?"

Swali hilo nimewahi kuulizwa kabla, na yanilazimu niwaambie ukweli. Miaka michache iliyopita alinijia mama mwingine na dawa iliyofanana na hiyo. Nilimwuliza kama ina nguruwe au ulevi. Akasema muuzaji amemhakikishia kuwa haina. Nikamwambia, "Basi si haramu, itumie kwa bismillahi." Sikumwuliza anaumwa nini, wala sikumwuliza anatumia dawa gani nyengine. Kumbe alikuwa mgonjwa wa presha wa miaka mingi, na muuzaji alikuwa amemwambia aache vidonge vya hospitali ili dawa mpya ipate nafasi ya kufanya kazi. Mwezi haukuisha akapatwa na kiharusi. Yu hai, alhamdulillahi, lakini mkono wake wa kulia hauinuki, na anatembea kwa mkongojo. Mimi humpitia kumjulia hali kila baada ya sala ya Ijumaa. Hajanilaumu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilimjibu la halali nikasahau la uhai, ilhali kuihifadhi nafsi ni mojawapo ya mambo matano ambayo sharia yetu imekuja kuyalinda. Kwa hivyo makala ya wiki hii ni deni. Nataka tuyatazame kwa uadilifu hayo wanayoyasema Wachina kuhusu viungo vya ndani na majira ya mwaka, tujue lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

WACHINA WASEMA NINI

Tiba ya Kichina ina kitabu chake kikongwe kiitwacho Huangdi Neijing, chenye umri wa kiasi cha miaka 2000. Humo viungo vikuu vya ndani vimepangwa vitano, na kila kimoja kimefungamanishwa na majira, ladha, rangi na hali ya moyo. Ini ni la majira ya kuchipua. Ladha yake ni uchachu, rangi yake ni kijani, na hali yake ni hasira. Moyo ni wa majira ya joto. Ladha yake ni uchungu na hali yake ni furaha. Bandama ni ya mwisho wa joto. Ladha yake ni utamu, na linaloidhuru ni fikra nyingi na wasiwasi. Mapafu ni ya majira ya majani kupukutika. Ladha yake ni ukali kama wa tangawizi, na hali yake ni huzuni. Figo ni za baridi. Ladha yake ni chumvi, na hali yake ni khofu.

Kwa majira ya kuchipua, kitabu hicho chamuusia mtu aamke mapema, atembee uani kwa utulivu, alegeze nywele na nguo zisimbane, aiache nafsi yake ikunjuke, awe mwepesi wa kutoa na mzito wa kuadhibu. Mama zangu, tazameni wenyewe. Kuamka mapema tunakujua kwa sala ya Alfajiri. Kutoa tunakujua kwa sadaka. Na kusamehe tumeusiwa zaidi ya hao. Hakuna katika nasaha hizo linalopingana na dini yetu, maadamu mtu haitakidi kwamba miti na nyota zina uwezo wa kuponya kwa nafsi zake. Mponyaji ni Allah peke yake, na majira ni viumbe vyake.

Lakini hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Tabibu wa Kichina anaposema "ini", hakusudii lile pande la nyama pekee. Akusudia kundi zima la kazi za mwili: macho, mishipa, usingizi, hasira, na mwendo wa nguvu ya uhai kama wao wanavyoifahamu. Akikuambia kwamba ini lako limekwama, huenda akawa amekuona una hasira za haraka na kichwa kinakugonga. Hakukuambia kwamba una homa ya ini. Ini la tabibu huyo na ini la maabara yana jina moja, lakini si kitu kimoja.

Sisi Waswahili tusione ajabu, kwani lugha yetu nayo yafanya hivyo. Mtu akisema, "Maneno yale yamenikata maini," tunajua kuwa ameumizwa hisia, na hapana atakayemkimbiza kwenye chumba cha upasuaji. Anayeuza dawa kwa kuyachanganya maini hayo mawili, aidha hajui anachokisema, au anajua na anakusudia kudanganya.

WAZEE WETU NA MAJI MANNE

Tiba ya namna hiyo si ngeni kwetu. Wazee wa pwani waliurithi ule utabibu uliotoka kwa Wayunani, ukapitia kwa matabibu Waislamu, akiwemo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, mwenye kitabu cha al-Qanun. Wao waliuhesabu mwili kuwa na maji manne: damu, balghamu, safura na sauda. Afya ni maji hayo kulingana, na maradhi ni moja kuzidi au kupungua. Neno safura limebaki katika lugha yetu, ingawa leo twalitumia kwa maradhi ya minyoo yanayomaliza damu. Na msingi wa elimu hiyo, kuwa viko vyakula vya moto na vyakula vya baridi, umebaki katika majiko yetu. Mwanamke aliyejifungua akipikiwa uji wa pilipili manga na kukandwa kwa maji moto katika arobaini yake, anayempikia anafuata elimu hiyo hata kama hajawahi kuufungua ukurasa wake mmoja.

Wala si mara ya kwanza Waislamu kuitazama tiba ya Wachina. Waziri Rashid al-Din, aliyekuwa mwenyewe tabibu, alisimamia huko Tabriz mnamo mwaka 1313 kazi ya kuitafsiri tiba hiyo kwa Kifarsi, pamoja na michoro ya viungo vya ndani na elimu ya kupima mapigo ya mshipa. Nakala yake moja ingali Istanbul hadi leo. Wanavyuoni hao hawakuiogopa elimu kwa kuwa imetoka mbali.

Nao wauzaji wa leo hupenda kututajia ile kauli mashuhuri ya kutafuta elimu hata kama ni Uchina. Maana yake ni nzuri, lakini yatupasa kuwa waaminifu: wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha sanadi yake, na Ibn al-Jawzi ameitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. Jina la Mtume (s.a.w.) halitumiwi kama bango la duka.

ALIYEMSAHIHISHA JALINUS

Katika matabibu wetu, nampenda mmoja kuliko wote, naye ni Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288. Alikuwa tabibu, na alikuwa pia faqihi wa madhehebu ya Imam Shafi, madhehebu yetu sisi watu wa pwani. Kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, matabibu walishika maneno ya Jalinus kwamba damu hupita kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kupitia vitundu vidogo vilivyomo katika ukuta wa kati. Ibn al-Nafis akaandika kwamba vitundu hivyo havipo. Akasema damu hutoka upande wa kulia, hupita kwenye mapafu ikachanganyika na hewa, kisha hurudi upande wa kushoto. Na hivyo ndivyo ilivyo.

Hebu tuizingatie adabu yake. Hakumtukana Jalinus, wala hakuchoma vitabu vyake. Alivisoma na kuvishereheshea. Lakini ukweli ulipombainikia, hakuuficha kwa kumstahi mkubwa aliyemtangulia. Amepokewa Imam Shafi mwenyewe kwamba hakuiona elimu tukufu zaidi ya tiba baada ya elimu ya halali na haramu. Elimu mbili hizi ni jirani, na mimi siku ile niliitumia moja nikaisahau ya pili.

JANI MOJA NA MIEZI YA MAJARIBIO

Wachina nao wana mtu wao wa namna hiyo, naye ni mwanamke. Jina lake ni Tu Youyou. Katika miaka ya 1960 serikali yao iliwakusanya wataalamu watafute dawa mpya ya malaria, naye akapekua vitabu vya kale. Katika kitabu cha karne ya nne cha tabibu Ge Hong alikuta maelezo ya mmea mmoja wa jamii ya pakanga: uloekwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Kitabu hakikutaja kuchemsha. Hapo ndipo alipotanabahi kwamba huenda ni moto uliokuwa ukiiharibu nguvu ya mmea. Mwaka 1971 akaitoa dawa hiyo kwa njia isiyohitaji joto kali. Ikajaribiwa kwa wanyama. Kisha yeye na wenzake wakajitolea kuinywa wao wenyewe kabla ya kuwapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Dawa hiyo imo katika nyumba zetu. Kenya iliamua mwaka 2004 kwamba dawa mseto yenye artemisinini iwe ndiyo ya kwanza kutumiwa kwa malaria ya kawaida, na watoto wangapi wa Kisauni na Likoni wamepona kwayo kwa idhini ya Allah! Basi anayesema kwamba dawa za Wachina zote ni ulaghai hakutenda haki. Tangu mwaka 1964 madaktari wa Kichina wamekuwa wakienda Zanzibar kwa zamu, na wapo waliohudumu Mnazi Mmoja na Mkoani, Pemba, wakiwapasua na kuwatibu ndugu zetu. Lakini tazameni njia aliyopita Tu Youyou. Alianzia kwenye kitabu cha kale, hakuishia hapo. Aliupima mmea, akajua kiasi chake, akajua madhara yake, ndipo akampa mgonjwa.

Na yapo yaliyotokea pale njia hiyo ilipoachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels nchini Ubelgiji, wanawake waliokwenda kupunguza unene walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmea mmoja ulichanganywa na mwengine kwa kuwa majina yao ya Kichina yanakaribiana. Huo uliokosewa ulikuwa na sumu ya figo. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo zao, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walikuwa wanawake wazima wa afya, waliotaka tu kupungua mwili kidogo. Neno "asili" lililoandikwa juu ya pakiti halikuwalinda, kwani sumu nayo ni ya asili.

HUKUMU YA ANAYETIBU ASIYOYAJUA

Dini yetu haikuliacha jambo hili wazi. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa kila ugonjwa una dawa, na dawa ikiupata ugonjwa wake, mtu hupona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Sharti ni dawa kulingana na ugonjwa. Atakayelinganisha ni lazima aujue ugonjwa na aijue dawa.

Abu Daud naye amepokea kwamba Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipougua, Mtume (s.a.w.) alimzuru, akaweka mkono wake mtukufu kifuani mwake, kisha akamwelekeza aende kwa al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa yeye ni mtu anayetabibu. Mama zangu, zingatieni. Dua ya Mtume (s.a.w.) ipo, mkono wake upo, na bado mgonjwa aelekezwa kwa mwenye ujuzi. Basi sheikh wa Ziwa la Ng'ombe ni nani hata ajione anatosha?

Na imepokewa pia kwa Abu Daud na wengineo kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, yeye ni dhamini wa madhara atakayoyaleta. Hukumu hiyo yamhusu anayeuza pakiti kwenye simu. Na naogopa isije ikatuhusu sisi mashekhe tunaosema "tumia" kabla ya kuuliza.

INI NA MASIKA HAPA KWETU

Sasa tuliulize ini lenyewe linataka nini katika majira haya. Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Hutengeneza nyongo ya kusagia mafuta, huweka akiba ya sukari, na huvunja sumu na dawa zilizoingia mwilini. Yaani ini ndilo muoshaji. Halihitaji kuoshwa kwa chai ya siku 21; lahitaji lisitwikwe mzigo. Mizigo yake kwetu ninaihesabu minne.

Wa kwanza ni maji. Mvua ikinyesha, vyoo vya shimo hufurika na visima hunywa uchafu. Ziko aina za homa ya ini zinazopita katika maji machafu, kama vile kipindupindu na homa ya matumbo zinavyopita. Maji ya mtungi, hata yakiwa maangavu kama kioo, yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji, na mtungi ufunikwe. Mama mjamzito ajihadhari zaidi, kwani aina moja ya homa hiyo humdhuru yeye kuliko wengine.

Wa pili ni nafaka na njugu zilizoshika unyevu. Kuvu wake hutoa sumu inayolishambulia ini moja kwa moja. Mwaka 2004, kule Ukambani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kusagwa, na kuyapika hakuiondoi sumu. Yatupwe, hata kama yamenunuliwa kwa pesa za mwisho. Huko si israfu, ni kuhifadhi nafsi.

Wa tatu ni vidonge vya maumivu. Masika huja na mafua, na mtu humeza parasitamoli yenye jina hili asubuhi, na yenye jina jengine mchana, asijue kuwa ni dawa ile ile. Mtu mzima asizidishe vidonge vinane vya miligramu 500 katika siku nzima, na mtoto apewe kwa kipimo cha uzito wake. Kupindukia kipimo huliua ini kimya kimya.

Wa nne ni sahani zetu. Baadhi yetu hudhani kwamba madhali hatunywi ulevi, ini letu limesalimika. Siyo. Mafuta hujikusanya ndani ya ini kwa unene na sukari nyingi, na sisi tunajijua kwa chai ya sukari vijiko vinne, mahamri, viazi karai na soda kila mgeni akibisha hodi. Hapa Wachina na madaktari wa leo wanakutana: majira haya mchicha, mnavu na majani ya kunde huchipua kila uwanja, na ndimu na ukwaju tunazo. Tule kijani, tupunguze tamu. Na Mtume (s.a.w.) ameshatuwekea mizani ya tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi.

Juu ya hayo, watoto wakamilishiwe chanjo. Kinga ya homa ya ini aina ya B imo katika sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Asiyekamilisha arudishwe kliniki, hata akiwa amechelewa.

HASIRA NA HUZUNI

Limebaki lile la hali za moyo, na hili ndilo ninalolipenda zaidi katika mafunzo ya Wachina. Wao wanasema hasira hulidhuru ini na huzuni huyadhuru mapafu. Sitasema kwamba kila hasira ina kiungo chake, kwani hilo silo la kupimwa kwa mizani. Lakini kwamba majonzi huufikia mwili, Qur'ani yatufundisha katika Surat Yusuf, pale macho ya Nabii Yaqub (a.s.) yalipogeuka meupe kwa huzuni aliyoizuia kifuani. Na mtu mmoja alipomwomba Mtume (s.a.w.) usia, alimuusia asighadhibike, na kila alipolirudia ombi lake alipewa usia huo huo. Aliyeghadhibika akiwa amesimama ameelekezwa akae, na isipomwondoka, ajilaze. Wazee wetu walilifupisha kwa maneno mawili: hasira hasara.

Kwa hivyo, mabwana mnaosoma pamoja na wake zenu, msiitafute dawa ya ini ya mama watoto hali ninyi ndio mnaomkata maini kila jioni. Dawa hiyo haiuzwi katika pakiti.

MASWALI YA KUULIZA

Narudi kwa yule mama wa juzi. Safari hii, kabla ya kuitazama pakiti, nilimtazama yeye. Nilimwuliza maswali haya, nami nawaomba muyakate na kuyabandika jikoni.

Kwanza, unaumwa nini, na ni nani aliyekupima? Pili, unatumia dawa gani sasa, na unaye mimba au unanyonyesha? Tatu, aliyekuuzia ni nani, anajulikana kwa elimu ya tiba, na anapatikana wapi ukidhurika? Nne, kilichomo ndani kimeandikwa kwa lugha unayoisoma, na kimesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu? Tano, amekwambia uache dawa ya hospitali? Akijibu ndiyo kwa hili la tano, hapana haja ya mengine. Pakiti irudi ilikotoka. Na baada ya hayo yote ndipo swali la halali lifuate, nalo nitalijibu mimi.

Swali la pili lilipofika, mama alinyamaza. Binti yake ndiye aliyejibu. "Sheikh, mama ana sukari. Vidonge amevipunguza tangu wiki iliyopita, anakunywa kimoja badala ya viwili."

"Nilitaka kuujaribu mwili," mama akasema kwa sauti ya chini.

"Mama yangu," nikamwambia, "mwili huu ni amana. Amana haijaribiwi."

Hiyo ndiyo fatwa niliyompa: kesho yake asubuhi aende kliniki yake na pakiti ile ile mkononi, amwonyeshe daktari bila kuona haya. Alikwenda. Sukari yake ilikuwa imepanda. Daktari akamrudishia kipimo chake cha vidonge, akampangia siku ya kurudi, na pakiti akamshauri asiifungue. Jana binti yake amenitumia salamu kwamba anaendelea vyema, na kwamba sasa anatembea uani kila baada ya Alfajiri. Nasaha hiyo ya Wachina, nilimwambia, aichukue bila ya kulipa senti.

Mvua yaja, inshallah. Tuyachemshe maji yetu, tuyakague mahindi yetu, tuwasamehe waliotukosea, na wagonjwa wetu tuwapeleke kwa wanaojua. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe haraka yangu ya siku ile, amjaalie afueni yule mama wa mwanzo na kuurudisha mkono wake, na aihifadhi miili yetu mpaka siku tutakapoulizwa tuliitumiaje.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu Alaykum Warahmatullahi Wabarakatuh.